Air Optix Night & Day Aqua: lenzi ya kulala nayo, na mipaka yake

Ahadi ya lenzi hii ni kubwa kuliko ya lenzi nyingi: uivae leo, ulale nayo, uamke nayo, uendelee hivyo hadi usiku 30 mfululizo, kisha uitupe na kufungua nyingine. Hakuna kuvua kila jioni, hakuna kikopo wala chupa ya maji ya lenzi kando ya kitanda, hakuna kupapasa miwani gizani. Kwa mwenye namba ya miwani ya −7 au −8, ambaye akivua lenzi haoni hata upenyo wa chandarua, si ahadi ya kudharau. Na lenzi yenyewe inafanya inachodai. Kasoro ni kwamba inachodai ni nusu tu ya yanayolipata jicho lililolala na lenzi ndani yake.

Tuanze na kifaa. Watengenezaji ni Alcon; wateja wa zamani wataikumbuka kwa jina la Focus Night & Day, enzi za CIBA Vision. Malighafi yake ni silikoni hidrojeli, yaani hidrojeli (plastiki laini inayoshika maji) iliyotiwa silikoni, iitwayo lotrafilcon A. Unene wake katikati ni milimita 0.08, kipenyo ni milimita 13.8, na maji yaliyomo ni asilimia 24 tu. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu muuzaji hupenda kusema lenzi yenye maji mengi ndiyo bora. Kwenye hidrojeli za zamani ilikuwa hivyo: oksijeni ilipita ndani ya maji, kwa hiyo maji yakipungua, hewa nayo inapungua. Kwenye silikoni mambo yamegeuka. Oksijeni inapita kwenye silikoni yenyewe, na maji machache maana yake ni silikoni nyingi. Faida ya pili ni kwamba lenzi yenye maji machache hainyauki upesi ukilala chini ya feni.

Kwa nini oksijeni inahesabiwa hivyo? Kioo cha jicho, yaani ile sehemu angavu ya mbele ambayo madaktari huiita konea, hakina mishipa ya damu. Kinavuta hewa moja kwa moja kupitia machozi. Ukiwa macho kinapata oksijeni yote iliyomo hewani, asilimia 21. Ukifumba kope kinabaki kutegemea mishipa midogo iliyo upande wa ndani wa kope, na kiasi kinashuka hadi takriban theluthi moja. Hata asiyevaa chochote, kioo chake huvimba kwa asilimia 3 hadi 4 usiku, kisha hunywea ndani ya saa chache baada ya kuamka. Ukiweka lenzi katikati, unaongeza ukuta juu ya uhaba uliokuwepo tayari.

Kipimo cha ukuta huo huandikwa Dk/t, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo oksijeni inavyopita kwa wingi. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walikadiria kwamba lenzi ya kulala nayo inahitaji angalau 87 ili uvimbe wa usiku usizidi ule wa kawaida. Mwaka 1999 Harvitt na Bonanno waliupandisha mstari huo hadi 125. Night & Day ina 175. Biofinity ya CooperVision ina 160, na Acuvue Oasys ya Johnson & Johnson ina 147. Zote tatu zinavuka mstari. Lenzi nyingi za rangi zilizotengenezwa kwa hidrojeli ya zamani hazifiki hata 30, na hizo ndizo zinazouzwa saluni na mitandaoni bila jicho kupimwa. Kulala na lenzi ya aina hiyo, hata usiku mmoja wa harusi, ni kulinyima jicho hewa waziwazi: asubuhi unaona ukungu, taa zina duara la rangi, na weupe wa jicho umekuwa mwekundu kuzunguka ukingo wa lenzi.

Tahadhari moja kuhusu namba hizo, maana vipeperushi huwa haviitaji. Dk/t hupimwa katikati ya lenzi yenye nguvu ya −3.00. Lenzi ya −8.00 ni nene zaidi kwenye kingo zake, na ya +5.00 ni nene zaidi katikati, kwa hiyo hewa inayopita hapo ni pungufu ya ile iliyotangazwa. Mwenye namba kubwa ndiye anayetamani zaidi kulala na lenzi, na ndiye anayefaidi kidogo zaidi zile 175.

Kama shida ingekuwa hewa tu, basi tungesema nunua, lala. Historia inasema vingine. Mwaka 1981 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu lenzi laini za hidrojeli zivaliwe usiku na mchana kwa siku 30. Mwaka 1989 tafiti zilionyesha kwamba vidonda vya kioo cha jicho viliwapata watu wapatao 21 kati ya kila 10,000 kwa mwaka miongoni mwa waliokuwa wakilala nazo, dhidi ya 4 kwa waliokuwa wakizivua. Ruhusa ikakatwa hadi siku 7. Ndipo viwanda vikaingia kazini kutafuta plastiki inayopitisha hewa, kwa imani kwamba jicho likipumua vizuri vidonda vitaisha. Mwaka 2001 Night & Day ikapata tena ruhusa ya usiku 30, na PureVision ya Bausch & Lomb ikaifuata mwaka huohuo.

Matokeo? Utafiti uliofuatilia zaidi ya watumiaji 6,000 wa Night & Day, ukachapishwa mwaka 2005, ulikuta maambukizi ya kioo cha jicho kwa watu 18 kati ya kila 10,000 kwa mwaka. Waliopoteza sehemu ya uwezo wa kuona walikuwa 3.6 kati ya 10,000. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2008 ulipata 25.4 kwa wanaolala na lenzi za silikoni, 19.5 kwa wanaolala na hidrojeli ya kawaida, na chini kidogo ya 2 kwa wanaovaa lenzi laini mchana tu. Soma tena hizo namba za Australia. Hewa iliongezeka mara nyingi, maambukizi yakabaki palepale.

Sababu ni kwamba kope zilizofumba hufanya mambo mawili, si moja. Mchana, kila ukipepesa macho, machozi mapya husukuma takataka na vijidudu kuelekea kona ya jicho na kuvitoa nje, kama maji yanayotiririka mferejini; ukilala mfereji unageuka dimbwi. Machozi yaliyo chini ya lenzi hayabadilishwi, seli zilizokufa zinakwama, joto linapanda kidogo, na kinga ya kawaida ya machozi inabadilika. Bakteria aliyekaa juu ya lenzi, hasa Pseudomonas aeruginosa anayependa maeneo yenye maji, anapata saa saba au nane za kugusana na seli za kioo cha jicho bila kusumbuliwa. Penye mkwaruzo mdogo anaingia. Lenzi ya silikoni haikutengenezwa kumzuia huyo. Imetengenezwa kuingiza hewa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umo kwenye duka la Alcon wenyewe. Dailies Total1, lenzi yao ya kutupa kila siku, ina Dk/t ya 156, zaidi ya Acuvue Oasys. Hata hivyo Total1 hairuhusiwi kulala nayo, ilhali Oasys inaruhusiwa hadi usiku 6. Ruhusa inatokana na majaribio yaliyofanyika na namna lenzi ilivyokusudiwa kutumika. Kwa hiyo anayekuambia “hii inapitisha hewa sana, lala nayo tu” hajasoma karatasi ya ndani ya boksi.

Usiku 30, pia, ni ukomo, si lengo. Daktari anayejua kazi yake hakupi 30 siku ya kwanza. Unaanza kwa kuivaa mchana tu kwa wiki moja hivi, kisha unalala nayo usiku mmoja na kuonwa asubuhi yake ikiwa ingali jichoni, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi, na baada ya hapo kila miezi michache. Macho mengine yanaishia usiku 6, mengine hayafai kabisa. Ukiivua kwa sababu yoyote, ama inatupwa, ama inasuguliwa na kulowekwa kwenye maji mapya ya lenzi kabla ya kurudi jichoni. Na ikitimiza mwezi, jicho lilale usiku mmoja wazi kabla ya kufungua jozi mpya.

Jinsi inavyokaa jichoni: ni ngumu. Lotrafilcon A ina ukakamavu takriban mara mbili ya Biofinity na Oasys. Wazee wanaotetemeka vidole wanaipenda kwa sababu haijikunji kwenye ncha ya kidole na ni rahisi kuiweka. Ila siku za kwanza utaihisi chini ya kope la juu, na kwa baadhi ya watu inakwaruza sehemu ya juu ya kioo cha jicho kwa alama ya mstari uliopinda, au baada ya miezi inaleta vinundu ndani ya kope vinavyowasha na kutoa ute. Ikiwasha hivyo, hakuna dawa ya matone itakayoimaliza huku ukiendelea kuivaa. Badilisha lenzi. Silikoni pia inavutia mafuta: ukipaka wanja kwenye ukingo wa ndani wa kope, au losheni mikononi kabla ya kuigusa, utaona ukungu wa mafuta usiotoka kwa kupepesa macho. Lenzi ya siku moja ingetupwa jioni pamoja na uchafu wake. Hii unakaa nao mwezi.

Asubuhi baada ya kulala nayo, usiikimbilie. Imekauka na pengine imenata, na ukiivuta inaweza kung’oa ngozi ya juu ya kioo. Nawa mikono kwa sabuni, kausha kwa taulo isiyoacha nyuzi. Tia tone moja au mawili ya matone ya kulainisha yaliyoandikwa kwamba yanafaa kwa lenzi, fumba, pepesa macho taratibu, subiri dakika 10 hadi 15. Kisha angalia juu, sukuma kope la chini kwa kidole kuelekea lenzi: ikiteleza kidogo na kurudi mahali pake, iko huru. Isipoteleza, ongeza matone na usubiri tena. Ikishakuwa huru, na kama unataka kuivua, iteleze kwanza chini kwenye weupe wa jicho ndipo uibane kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Hatua hizi ni zilezile kwa aliyepitiwa na usingizi na lenzi isiyo ya kulala, isipokuwa yeye lazima aivue, aitupe kama ni ya siku moja, na ashinde na miwani siku hiyo yote.

Kabla ya kutoka nyumbani funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, uangalie maandishi ya mbali. Unajiuliza mambo matatu kwa kila jicho: linaonekana jeupe, linaona sawa, haliumi? Ukikosa hata moja, lenzi inatoka.

Kuna jambo la maji ambalo vipeperushi vya Ulaya haviligusi, na huku kwetu ni la kila siku. Anayevua lenzi usiku na kuivaa saa moja asubuhi anakutana na maji ya alfajiri akiwa hana lenzi. Anayelala nayo anatawadha nayo, tena saa ile ambayo jicho limechoka na lenzi imenata. Maji ya tangi la juu ya nyumba, ya ndoo au ya kisima yanaweza kuwa na akanthamiba, kijidudu kinachokaa majini na udongoni, ambacho kikishika kioo cha jicho matibabu yake huchukua miezi. Wakati wa kuosha uso fumba macho kabisa, kausha kope kwa kitambaa kabla ya kuyafumbua. Kuoga ni hivyohivyo. Kuogelea baharini au bwawani uvue. Na lenzi isisuuzwe wala kuhifadhiwa kwenye maji ya bomba, ya chupa, yaliyochemshwa, wala mate. Bila maji ya lenzi, itupe.

Usingizi wa mchana nao unahesabiwa. Saa moja kwenye kochi, au usiku mzima ndani ya basi la Dar kwenda Mwanza huku kiyoyozi kinavuma usoni, yote ni kope zilizofumba juu ya lenzi. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti mwaka 2018 kwamba karibu theluthi moja ya wavaaji lenzi hulala au kusinzia nazo, na kwamba kufanya hivyo huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Msafiri wa usiku aweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi: miwani, chupa ndogo ya maji ya lenzi, kikopo safi, na sabuni. Maji ya lenzi yenye haidrojeni peroksaidi, kama AOSept, yaache nyumbani. Yanasafisha vizuri sana lakini yanahitaji saa 6 ndani ya kikopo chake maalumu, na yakiingia jichoni mabichi yanachoma vibaya.

Dalili za kidonda hazijifichi: maumivu yasiyoisha hata baada ya kuvua, kushindwa kutazama mwanga, wekundu, machozi au usaha, kuona ukungu, na wakati mwingine doa jeupe kwenye kioo unaloliona kwenye kioo cha kujitazamia. Pseudomonas anaweza kuharibu kioo cha jicho ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo hili si la kusubiri Jumatatu. Kosa kubwa hufanyikia duka la dawa. Matone ya kloramfenikoli, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, hayamuui Pseudomonas. Matone yenye steroidi kama deksamethasoni ni mabaya zaidi: yanapunguza wekundu, unaamini umepona, huku kidonda kinachimba. Usifunge jicho kwa pamba wala bandeji, utarudisha lile dimbwi. Nenda kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa macho, kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi, Lions SightFirst Nairobi, hospitali ya Kikuyu nchini Kenya au Mengo Kampala, na ubebe lenzi yenyewe, kikopo chake na chupa ya maji yake, maana maabara inaweza kuotesha kijidudu kutoka humo. Tarajia kupakwa rangi ya kijani-manjano, kuangaliwa kwa mwanga wa buluu, kukwanguliwa kidonda kwa ajili ya kipimo, na kupewa matone ya antibayotiki ya kuweka kila saa, usiku na mchana, kwa siku mbili za mwanzo. Kovu likibaki katikati ya kioo, miwani haitalisahihisha.

Kwa hiyo nani aivae? Muuguzi wa zamu za usiku anayesinzia bila kupanga, askari aliye porini, mama mwenye kichanga anayeamka mara nne, na mgonjwa aliyewekewa na daktari kama bandeji ya kioo cha jicho, kazi ambayo Night & Day pia imeruhusiwa kuifanya. Kwa hawa ndiyo chaguo letu la kwanza kati ya zile tatu, yaani hii, Biofinity na Oasys, kwa sababu ya hewa yake na rekodi yake ndefu. Hatumshauri mvutaji sigara, mwenye macho makavu, mwenye mafua au uvimbe wa kope kwa siku hizo, wala anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka kwa daktari wa macho. Hao wavae lenzi ya kutupa kila siku na walale miwani yao ikiwa kando ya mto. Kwa anayevua kila usiku lakini hupitiwa mara mojamoja, Biofinity inatosha na ni laini zaidi.

Dukani, usikubali kupewa boksi kwa kuulizwa namba ya miwani tu. Namba ya lenzi hutofautiana na ya miwani kuanzia kwenye −4.00 hivi, na Night & Day inatoka kwa mbinuko wa aina mbili, BC 8.4 na 8.6, ambao huamua kama lenzi itateleza au itabana. Inayobana mchana, usiku itanata. Nguvu zinaanzia +6.00 hadi −10.00. Geuza kila kikopo usome foili: BC, DIA (kipenyo), nguvu, LOT (namba ya toleo la kiwandani) na EXP (mwisho wa matumizi) viwe vimechapwa humo na vilingane na boksi, na foili isiwe imevimba au kuchanika ukingoni. Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mbinuko wake si sawa pande zote, asiuziwe lenzi hii, kwa kuwa toleo lake halipo. Aulizie Biofinity Toric.